Roboti za Baharini na Deni la Msomi

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya wananchi wakapoteza maisha. Wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini, lakini meli ilikuwa imelala katika kina wasichoweza kukifikia, na mkondo ulikuwa mkali. Wakaondoka bila kuifikia. Wako marehemu ambao bahari imebaki nao hadi leo, na jamaa zao hawana kaburi la kuzuru.

Yafaa msiba huo ukumbukwe kila linapotajwa somo la roboti, kwa kuwa wapo watu wenye elimu yao wanaodhani kwamba roboti ni mchezo wa nchi tajiri. Roboti ya baharini ni chombo kinachoshushwa mahali ambapo pumzi ya binadamu haifiki, kikiwa na taa, kamera na pengine mikono ya chuma. Mwaka 2007 chombo cha namna hiyo kilishushwa katika bahari ya Tanga, kikampiga picha silikanti akiwa hai, samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka tangu zama za kale, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walikuwa wakimnasa nyavuni mwao hata kabla ya hapo. Huko kusini, gesi ya Zafarani iligunduliwa mwaka 2012 mahali penye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000, ambapo hakuna mzamiaji awezaye kufanya kazi. Bahari ni ya Watanzania, samaki ni wa Watanzania, na gesi ni ya Watanzania. Chombo na fundi wa kukiongoza wametoka nje.

Njia ya kujifunza ufundi huo ipo. Tangu mwaka 2004 Umoja wa Ulaya umekuwa ukigharamia masomo ya uzamili yanayoitwa Erasmus Mundus, ambayo mwanafunzi huyafuata katika vyuo vya nchi zaidi ya moja. Miongoni mwa masomo yaliyoanzishwa chini ya mpango huo ni ya roboti za baharini, yaliyounganisha Chuo Kikuu cha Toulon, Ufaransa, na vyuo vikuu vya Trondheim nchini Norwei, Lisbon nchini Ureno na Castellón nchini Hispania. Muda wake ni miaka miwili. Kijana wa Kitanzania mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi anayo haki ya kushindania nafasi hizo sawa na kijana wa nchi nyingine yoyote.

Kwenda, basi, kunawezekana. Swali gumu zaidi ni la kurudi.

Mbegani, karibu na magofu ya Kaole kusini ya mji wa Bagamoyo, inalo fundisho juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 Norwei ilitoa fedha nyingi na wataalamu ili chuo cha uvuvi kijengwe hapo. Majengo yalisimama, na vijana wakafundishwa uvuvi, unahodha na mitambo. Lakini mradi huo ulikosolewa hata huko Norwei kwenyewe, kwa sababu ulifuata mfano wa uvuvi wa meli kubwa, ilhali mvuvi wa Bagamoyo alikuwa na ngalawa, mtumbwi na jarife. Elimu ilikuwa nzuri. Mahali pa kuitumia hapakuandaliwa. Chuo kiko hai, na leo kimo chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Ingekuwa aibu kosa lile lile lirudiwe na roboti.

Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo haujachakaa. Posho ya Toulon hulipwa na Wazungu, lakini darasa la kwanza, maabara ya sekondari na mkopo wa chuo kikuu vililipiwa na mkulima na mvuvi.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Kijiji nacho kina wajibu wa kumpokea aliyerudi. Mhandisi wa roboti akirudi na kupewa meza, faili na mhuri, asilaumiwe peke yake siku atakapoondoka tena. Kwa hiyo wakuu wa idara wanaotoa ruhusa za masomo wafanye mambo mawili kabla ya kijana kupanda ndege. Kwanza, wakubaliane naye kwamba utafiti wake wa mwisho utahusu bahari hii: matumbawe yaliyovunjwa na baruti, nyavu zilizopotea chini ya maji, au utafutaji wa vyombo vilivyozama. Pili, iandaliwe karakana ya kumpokea, na Mbegani inafaa, kwani tayari inafundisha vijana watakaoishi kwa bahari.

Walimu nao wana sehemu yao. Mhandisi huyo leo yuko Kidato cha Pili, pengine Bagamoyo, pengine Pangani, na ameanza kuamini kwamba hisabati na fizikia si zake. Mwalimu anayemkatalia asikate tamaa anafanya kazi ambayo hakuna mfadhili atakayeifanya.

Siku nyingine bahari itachukua chombo. Jamaa watakaokuwa wamesimama ufukweni watauliza nani awezaye kushuka, na jibu la siku hiyo linaandaliwa sasa, madarasani na maofisini.