Chuo cha Wajukuu



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Heru Juu alitusubiri mlangoni. Binti yake amemaliza kidato cha sita, matokeo yake ni mazuri, na nafasi ya chuo amekwisha kuipata. "Ustadhi," alituambia, "sikatai asome. Nauliza tu, atakaa na nani huko, na atarudi akiwa nani?"

Hatukumjibu usiku ule. Wapo wanaolijibu swali hilo kwa kumbeza mzazi na kumwita mshamba. Sisi tunaliona kuwa ni swali la mlezi anayejua kuwa amana aliyokabidhiwa ataulizwa juu yake.

Siku ya pili tulimsimulia habari za Babiker Badri. Huyu alikuwa Mwislamu wa Sudan, askari wa zamani wa jeshi la Mahdi, aliyenusurika katika vita vya Omdurman vya mwaka 1898. Vita vilipokwisha, alifungua shule ya wavulana huko Rufaa, mji mdogo kando ya Mto Nile ya Buluu, kisha akataka kufungua ya wasichana. Watawala wa Kiingereza walisita, na watu wa kwao pia walimpinga. Mwaka 1907 akaifungua hata hivyo, katika nyumba yake mwenyewe ya udongo, akiwa na wanafunzi 17: mabinti 9 wa nyumba yake na 8 wa majirani. Tunaomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri. Hakuanza kwa kuwahimiza watu watoe watoto wao huku wa kwake wakibaki jikoni.

Mwaka 1966 mwanawe, Yusuf Badri, alianzisha chuo cha wanawake Omdurman kikiwa na wanafunzi 23. Kinaitwa Ahfad, yaani wajukuu. Mwaka 1990 kilianza kufundisha utabibu, na mwaka 1995 kikawa chuo kikuu kamili.

Mzee alituuliza kinachofundishwa huko ni nini hasa. Hapa ndipo penye nguvu ya chuo kile. Mwanafunzi haingii katika fani moja akafungiwa humo. Anayesomea tiba, saikolojia, uongozi wa taasisi au sayansi ya familia, wote hupitia pia lugha, mbinu za utafiti na masomo yahusuyo maisha ya wanawake katika jamii. Kisha hupelekwa vijijini, wakakae na kina mama wa mashambani, wawasikilize na kujifunza namna ya kuwafikishia elimu. Daktari aliyepitia njia hiyo hujua dawa, na hujua pia kuuliza kwa adabu, kuandika ripoti inayoeleweka na kusimama mbele ya baraza akalieleza jambo. Ndiyo elimu pana ambayo vyuo vya wanawake vya Marekani, kama Mount Holyoke kilichoanza mwaka 1837, vimejijengea jina kwayo. Na faida nyingine ni hii: katika chuo cha wanawake, kila kiti ni cha mwanamke. Anayeongoza mdahalo, anayetangulia katika maabara na anayeshika uongozi wa wanafunzi ni msichana. Hakuna kaka wa kumwachia kazi.

Jirani zetu wa Kenya nao walianzisha Chuo Kikuu cha Wanawake cha Kiriri, Nairobi, mwaka 2002, kikaelekea zaidi katika sayansi na teknolojia.

Hatukumshauri mzee ampeleke binti yake Omdurman. Tangu Aprili 2023 mji ule umeonja vita, na masomo ya mabinti wale yamevurugika, tuwaombee. Hapa nchini atakwenda chuo cha mchanganyiko, kama kilivyo hata Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilichoanza mwaka 2005. Lakini maswali ya kuuliza ni yale yale. Bweni la wasichana linalindwa vipi? Wapo walimu wanawake? Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ina darasa la kina dada? Je, atafundishwa kufikiri na kuandika, au kukariri mpaka siku ya mtihani?

Na anayesema kuwa Heru haikuzoea mwanamke mwenye kauli, awaulize wazee wake. Mwami Theresa Ntare alikikalia kiti cha Heru zama za mkoloni, na watu walimsikiliza.

Lipo jambo jingine, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Mwaka juzi mama mmoja wa jamaa zetu alikataa kupimwa na mganga mwanamume, akarudi nyumbani na ujauzito wenye matatizo. Alhamdulillah, aliokoka, mtoto hakuokoka. Kamati yetu ilikasirika, ikaandika barua kuomba waganga wanawake. Barua ile tuliiandika kwa mkono wetu. Hatukujiuliza mganga huyo mwanamke atatoka nyumba ya nani. Katika sanduku letu la elimu, vijana watatu wamekwisha kusaidiwa ada mpaka leo, na wote watatu ni wavulana. Aliwahi kuja baba wa msichana, tukamwambia asubiri mwaka ujao. Mwaka ulipokuja, binti alikuwa amekwisha kuolewa. Hatumlaumu yeye wala mumewe.

Mzee alisikiliza yote hayo kimya, akiisokota tasbihi yake. Mwishowe akasema atatangulia mwenyewe kwenda kuliona bweni, na kama atalala na utulivu usiku ule, atamrudia binti yake amchukue.

Kamati inakutana Jumamosi baada ya Alasiri. Nauli ya mzee na ada ya binti yake vimewekwa katika ajenda ya tatu.