Vumbi la mbao na amana ya chupa ya mafuta

Mama mmoja wa Ilongero, mkoani Singida, ametuletea swali. Mwanawe anajifunza useremala, na kila jioni hufagia vumbi la mbao na kulichoma. Ameshauriwa alikeneke apate mafuta mazuri, kisha ayauze kwa jina la sandali. Mama anauliza: je, jambo hili linawezekana, na je, ni halali?

Kuwezekana, linawezekana. Kisiwani Pemba, makonyo ya karafuu, ambayo ni masazo ya zao lenyewe, hukenekwa kiwandani yakatoa mafuta. Nchini Kenya, vumbi la mtarakwa lililobaki katika kazi ya mbao za penseli liliwahi kukenekwa vilevile. Mvuke wa maji yanayochemka hupita katika vumbi na kubeba mafuta. Ukipozwa ndani ya bomba lililozama katika maji baridi, mafuta hujitenga na maji. Njia ya mvuke isizibwe kamwe, kwani chombo kilichozibwa hupasuka.

Hata hivyo, si kila vumbi lina mafuta yenye thamani. Msonobari hutoa harufu ya tapentaini. Mkaratusi mafuta yake yamo majanini, si katika mbao. Kijana na aanze kwa jaribio dogo: achukue konzi ya vumbi la mti mmoja, alimwagie maji ya moto, afunike, kisha anuse. Lisiponukia, asiteketeze kuni, ambazo Singida hazipatikani kwa urahisi. Vumbi la mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, au zilizogandishwa kwa gundi, lisitumike kabisa. Tena wakati wa kufagia azibe pua na mdomo, kwa kuwa vumbi laini hudhuru mapafu.

Ama kuliita sandali lisilo sandali, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ya moto. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni na kukuta unyevu uliofichwa chini, alimkemea muuzaji. Chupa ya mafuta ni lundo kama lile: mnunuzi huona juu tu, na ndani yake huamini ulimi wa muuzaji. Faida ya ghushi huingia nyumbani, ikawa chakula cha watoto.

Wala kijana asishawishike kwenda porini kung'oa msandali wa kweli. Mti huu huvunwa pamoja na mizizi yake, hivyo ukichimbwa hauchipui tena. Tangu mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki umo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na kuusafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali.

Basi, mama, mwambie mwanao asiache kupenda kutumia kilichotupwa, kwani kuepuka israfu ni jambo jema. Akipata vumbi linalonukia, aandike kwenye chupa jina la mti wenyewe. Asipolipata, maranda makavu ya mbao zisizo na dawa huwafaa wafugaji wa kuku kwa kutandika bandani. Pato litakuwa dogo, lakini atakula akiwa na utulivu wa moyo.

Wabillahi tawfiq.