MAONI: Nyeusi si rangi ya dhambi, tubadilishe somo la sandei skuli

Kama umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani ukingojea kuitwa chuo, na wazazi wako ni watu wa kanisa, kuna kazi moja utapewa kabla hujaiomba: kufundisha sandei skuli. Kuanzia Maili Sita hadi Dundori, kutoka Kabatini hadi Kiamaina, makanisa mengi ya huku Bahati yanawategemea vijana kwa kazi hiyo. Mshahara hakuna. Mara nyingi hata darasa hakuna. Unapewa kivuli cha mti nyuma ya kanisa, watoto wa kila umri, na spika za ibada ya watu wazima zinakufuata mpaka huko.

Watoto hao huwezi kuwahubiria dakika arobaini. Ukijaribu, wa miaka minne atalala, wa miaka sita ataanza kuvuta nywele za jirani, na wa miaka kumi ataomba ruhusa ya kwenda chooni asirudi. Ndiyo maana walimu wajanja hufundisha kwa vitu na michezo: kamba, yai, glasi ya maji, tochi, shanga. Mtoto anashika, anaonja, anakimbia, halafu ujumbe unaingia.

Njia hiyo naiunga mkono mia kwa mia. Ila kuna kifaa kimoja ambacho nadhani muda wake umeisha: ukurasa mweusi.

Wengi wetu tulikua nao. Ni kile kitabu kidogo kisicho na maneno, chenye rangi tu. Siku hizi kinakuja pia kama ushanga wa kuvaa mkononi. Nyeusi ni dhambi. Nyekundu ni damu ya Yesu. Nyeupe ni moyo uliooshwa. Dhahabu ni mbinguni. Kijani ni kukua katika imani. Kuelezea ni rahisi, kutengeneza ni rahisi, na mtoto asiyejua kusoma anaelewa. Si ajabu kimezunguka dunia nzima.

Lakini tujue kilikotoka. Mwaka wa 1866, mhubiri Mwingereza Charles Spurgeon alihubiri jijini London kuhusu kurasa tatu: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Mwaka wa 1875, Mmarekani Dwight Moody akaongeza dhahabu. Kijani kilikuja baadaye. Sidhani Spurgeon alikuwa na nia mbaya. Alikuwa akizungumza na Waingereza wa wakati wake, na ni wachache sana mle ndani ambao wangetazama ukurasa mweusi kisha watazame mkono wao na kuona vinafanana.

Bahati si London ya 1866. Hapa mwalimu anainua karatasi nyeusi na kusema, "Huu ndio moyo wako ukiwa na dhambi." Kisha anainua nyeupe, "Na hivi ndivyo Yesu anavyokufanya." Mtoto wa miaka mitano hajui tamathali za usemi. Yeye anajua anachokiona. Anaona nyeusi, anaona nyeupe, anaona mkono wake, na hesabu anaipiga mwenyewe kimyakimya.

Kwamba watoto huanza kupiga hesabu hiyo mapema si jambo la kubahatisha. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia wawili Wamarekani weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza yupi mzuri na yupi mbaya. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri, na mweusi ndiye mbaya. Kazi hiyo ilitajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka wa 1954 uliopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Utasema hiyo ni Marekani. Haya, turudi Nakuru. Nani amempa msichana mweupe jina la "rangi ya thao" na kulifanya sifa? Nani anazinunua zile krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa mjini? Ni sisi. Mtoto akitoka sandei skuli anakutana na hayo yote barabarani, kwenye simu ya dadake, kwenye utani wa shuleni. Kanisa lingekuwa mahali pamoja ambapo anasikia kinyume chake. Badala yake tunampa ushanga wa kuvaa wiki nzima unaomkumbusha kwamba nyeusi ndiyo uchafu.

Najua jibu ambalo liko njiani: "Bana, hiyo ni ishara tu. Unatafuta makosa pasipo na makosa." Nalisikia, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaolitoa wengi ni walimu wenye moyo mzuri ambao wamewaleta watoto wengi kanisani kwa kitabu hicho hicho.

Lakini tufikirie. Kwa nini tunatumia vitu kufundisha? Kwa sababu vitu vinakaa akilini. Mtoto husahau maneno yako yote kabla ya chakula cha mchana, ila kile ulichokishika mkononi atakikumbuka akiwa na watoto wake mwenyewe. Huwezi kusema ishara ina nguvu unapotaka ifunze wokovu, halafu useme haina nguvu inapofunza jambo jingine.

Tena Biblia yenyewe haitulazimishi. Katika Isaya 1:18, dhambi zinafananishwa na rangi nyekundu, si nyeusi. Yohana anaposema juu ya uovu anatumia giza, na giza si rangi ya mtu. Giza ni kukosa mwanga; Mzungu na Mwafrika wote hujikwaa ndani yake. Na katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, mwanamke anajitaja kuwa mweusi na mrembo kwa pumzi moja. Hata Kiswahili chetu kinatuonyesha njia: mtu mwema tunasema ana roho safi, na mla rushwa tunasema ana mikono michafu. Tunapima usafi.

Sasa tufanye nini? Kuacha vitu na kurudi kwenye mahubiri ya dakika arobaini? Hapana. Yesu mwenyewe alifundisha kwa vitu vilivyokuwa karibu: taa, chachu, samaki, sarafu, mtoto aliyesimama pale pale. Hakuagiza vifaa kutoka mbali. Hata sisi hapa Bahati hatujakosa vitu.

Anza na kufua. Tafuta vitambaa vitatu: cha bluu, cha kijani na cheusi. Wape watoto wavipake matope, na hakuna mtoto atakayekataa hiyo kazi. Leta beseni, maji na sabuni, wavifue wenyewe. Kisha uliza: cha bluu kimekuwa rangi gani? Bluu. Cha kijani? Kijani. Na cheusi? Cheusi, lakini safi. Hapo umefundisha msamaha wote bila kumtukana mtu: kuoshwa si kugeuzwa rangi. Mungu anaondoa tope, hakuondoi wewe.

Halafu kuna sarafu. Katika Marko 12, Yesu anaomba sarafu na kuuliza picha iliyo juu yake ni ya nani. Wanajibu ni ya Kaisari. Jaribu swali hilo hapa kwa sarafu ya shilingi ishirini ya sasa na watoto watapaza sauti, "Ya ndovu!" Somo limeanguka. Sarafu zetu mpya zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama, kwa sababu Katiba ya 2010 inakataza pesa kubeba picha ya mtu yeyote. Twiga yuko kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi.

Mwalimu asiyejiandaa atachanganyikiwa. Aliyejiandaa atatafuta sarafu ya zamani yenye uso wa Mzee Kenyatta, aiweke kando ya hii ya ndovu, na aulize: mbona huyu aliondolewa? Wakubwa watajibu, na mjadala utanoga. Kisha anamwita mtoto mmoja mbele na kuuliza swali la mwisho: "Na huyu, amebeba sura ya nani?" Jibu liko katika Mwanzo, sura ya kwanza. Sura ya Mungu. Sarafu ni ya aliye juu yake. Wewe ni wa Mungu, na hakuna katiba itakayokuondolea picha hiyo. Mtoto akishalisikia hilo, utamwonyeshaje ukurasa mweusi Jumapili inayofuata?

Tatu, mbegu ya haradali. Watoto wetu wengi hawajawahi kuiona. Lakini ingia agrovet yoyote uulize mbegu za sukuma wiki. Sukuma na haradali ni za ukoo mmoja, na mbegu zake ni vidude vidogo vya mviringo, vyeusi-vyeusi, ambavyo ukipiga chafya vimepotea. Mpe kila mtoto mbegu mbili tatu na mkebe mtupu wenye udongo. Ndani ya siku chache zitachipuka. Na hapo usisahau kumwonyesha rangi: ufalme wa mbinguni umekaa kwenye kiganja chake, nao ni mweusi, na umezikwa kwenye udongo mweusi uleule unaotulisha.

Kwa watoto wakubwa tuna Menengai. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima vya mvuke huko mwaka wa 2011, na mvuke huo sasa unatoa umeme. Wengi wetu tumesikia hadithi za mashetani wa Menengai kuliko habari za nguvu iliyo chini yake. Mwalimu anayefundisha kuhusu Roho Mtakatifu, nguvu usiyoiona lakini unaiona kazi yake, ana mfano ambao mwenzake wa London hana.

Na giza lifundishwe kama giza. Ingieni stoo, fungeni dirisha, zimeni taa, kisha mtu mmoja awashe tochi ya simu. Inatosha.

Onyo moja tu. Siku hizi mitandaoni kuna masomo mengi ya mazingaombwe: maji yanatiwa iodini yanakuwa meusi, kisha yanatiwa dawa ya kung'arisha nguo, ghafla yanakuwa safi, "kama Yesu anavyokusafisha!" Watoto hushangilia. Lakini wengi wanaenda nyumbani na uchawi wa maji, bila Yesu. Mbaya zaidi, mmoja anaweza kwenda kuijaribu ile chupa ya chini ya sinki, na ile ni sumu. Somo ambalo mtoto hawezi kulirudia nyumbani kwa usalama si somo.

Kwa wachungaji na wazee wa kanisa: msiwaachie vijana kazi hii kisha mkaisahau. Angalieni vifaa mnavyopokea kabla havijafika mikononi mwa watoto, hata kama vimeletwa bure, hata kama vimeletwa na wageni wapendwa. Kitu cha bure bado kinafundisha. Tengeni pesa kidogo za beseni, sabuni na mbegu. Haziwezi kufikia bei ya spika moja mpya. Na muwape walimu hao vijana siku ya kukaa pamoja na kupanga masomo, badala ya kumwamsha mtu Jumapili asubuhi na kumwambia, "Leo ni wewe."

Na kwako kijana ambaye Jumapili hii zamu ni yako: kabla hujatoka nyumbani, shika kile kitu unachoenda kufundishia na ujiulize maswali mawili. Mtoto wa Bahati anakijua? Na akikiangalia, atajiona yeye ni nani? Kama jibu la pili linakutia wasiwasi, kiache mezani. Njiani utapita agrovet.