Nani Bado Yu Hai?

Kutoka mtaa huu wa Soweto, mjini Moshi, tunakohariri jarida hadi hospitali ya KCMC, bodaboda haimalizi nusu saa. Huko mgonjwa wa saratani anayesubiri kupasuliwa hutolewa damu ikajaa kichupa chenye kifuniko cha zambarau, mashine ikahesabu, karatasi ikatoka. Wingi wa damu unatazamwa, chembe sahani zinatazamwa, kisha karatasi inaingia kwenye faili. Mistari ya nyutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, haina anayeiulizia sana.

Toleo hili linaiulizia. Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti: 6.0 kwa 1.5 unapata 4. Tafiti nyingi za Asia na Ulaya zimekuta kwamba uwiano huo ukiwa mkubwa kabla ya upasuaji, wagonjwa huishi muda mfupi zaidi. Mwili unaohangaika na uvimbe huzalisha nyutrofili kwa wingi, huku limfosaiti zinazoiandama saratani zikipungua. Japani, mwaka 1984, Onodera na wenzake walijumlisha albumini, protini ya damu, na limfosaiti kuwa alama moja ya lishe. Glasgow nako watafiti wakaoanisha CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na mchochota, iliyozidi miligramu 10 kwa lita na albumini iliyo chini ya gramu 35. Ni vipimo vya bei nafuu, na baadhi tayari vimelipiwa.

Unafuu huo ndio unaonitia wasiwasi, maana kitu rahisi huigwa upesi. Watafiti wengine huweka mpaka wa hatari kwenye 3, wengine kwenye 5, na mipaka yote hiyo imetokana na damu za watu wengine. Waafrika wengi tuna nyutrofili chache kwa kuzaliwa, wala si ugonjwa: ni matokeo ya kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, kasoro iliyowakinga wahenga wetu na malaria ya vivax. Mama wa Rombo anaweza kupata 2.5 akaambiwa yuko salama, kumbe kwa damu yake uwiano huo ni mkubwa. Virusi vya Ukimwi navyo hushusha limfosaiti, na uwiano ukapanda bila saratani kuhusika. Mwaka 2008 watafiti wa Mbeya walichapisha viwango vya damu vya watu wazima wenye afya, na havikulingana na vya Marekani. Somo hilo tunalo muda mrefu: tunahitaji mipaka yetu wenyewe.

Albumini ndiyo ngumu zaidi kuisoma. Mkoa wetu wa Kilimanjaro umo kwenye ukanda wa saratani ya umio unaoteremka mashariki mwa Afrika, na mgonjwa wa umio mara nyingi hufika akiwa anameza uji tu, na huo kwa shida. Albumini yake ikiwa 28, inasimulia saratani au njaa? Zote mbili, nadhani. Tofauti ni kwamba njaa inaweza kushughulikiwa kabla ya siku ya upasuaji. Kwa hiyo siafiki hata kidogo namba hiyo itumike kumwondoa mtu kwenye orodha ya kupasuliwa. Itumike kumpeleka kwanza kwa mtaalamu wa lishe.

Hata hivyo mipaka hiyo yetu haitapatikana maabara pekee. Kipimo cha kutabiri uhai kinahitaji kujua nani alikufa na lini. Hapo ndipo tunapokwama. Mtu anaruhusiwa, anapanda Hiace kurudi Kibosho au Mwika, miezi inapita. Akifariki, kanisa linatangaza Jumapili, mwenyekiti wa kitongoji anajua, ukoo mzima unapanda mlima kumzika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Faili lake hospitalini linaandikwa kwamba hakurudi kliniki. KCMC ina sajili ya saratani tangu 1998, hazina ambayo mikoa mingi haina, lakini sajili haiwezi kuandika msiba ambao haikuambiwa.

Ombi langu kwa wanaotuma makala humu, basi, si mashine mpya. Siku ya kuruhusiwa ziandikwe namba tatu za simu: ya mgonjwa, ya ndugu anayeishi kijijini, na ya mwenyekiti wa kitongoji. Mgonjwa aulizwe kama anaridhia kupigiwa. Kisha muuguzi mmoja apewe vocha na saa mbili kila Ijumaa, na bajeti ya utafiti iwe na mstari wa vocha hiyo. Mwaka huu tumesoma miswada mingi ya uwiano wa damu. Tutakayoipa nafasi ya kwanza ni ile yenye mstari huo.