MATEMBEZI YA FAMILIA: Mduara wa Mlima wa Kolo

Ndugu msomaji, iwapo wewe ni mfanyakazi wa mjini kama mimi, basi Jumapili yako huwa imekwisha kupangwa kabla hujaamka. Asubuhi ni ibada au usafi wa nyumba, mchana ni wageni, na jioni ni kupiga pasi nguo za kazini na sare za watoto. Leo nakuomba uupangue mpango huo, angalau mara moja kwa mwaka, uwachukue mama na watoto mkaende kutembea kwa miguu mahali ambapo wazee wetu wa kale kabisa walituachia barua isiyo na maneno. Mahali penyewe ni mlima wa Kolo, wilayani Kondoa.

Kolo ni kijiji kilichoko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha, mwendo mfupi kaskazini mwa mji wa Kondoa. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya kusukuma basi wakati wa masika. Lakini tangu mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, imefunguliwa rasmi, na mtu akiondoka Dodoma Jumamosi baada ya kazi hulala Kondoa mjini bila ya taabu. Jumapili alfajiri huwa yuko Kolo.

Usiende moja kwa moja mlimani. Pita kwanza katika ofisi iliyoko pale kijijini, uandike jina lako kitabuni, ulipe ada iliyowekwa, na upewe mtu wa kukuongoza. Msafara wetu uliongozwa na mzee mmoja Mrangi, mwembamba, mwenye fimbo na kofia ya kitambaa. Tulipomwamkia alitujibu sote, hata mtoto wa mwisho, kisha akayatazama makubadhi yangu na kutikisa kichwa. Nawe jifunze kwa kosa langu: vaa viatu vigumu, beba maji ya kutosha, na uchague miezi ya baada ya mavuno, ambapo hewa ni baridi na makorongo yamekauka.

Kutoka kijijini njia huelekea upande wa mashariki kwa kilomita kadhaa, na gari likifika chini ya mlima husimama. Hapo ndipo mduara wetu unapoanzia: utapita mashambani, upande kwa njia ya msituni, uyaone mapango matatu, kisha uteremke kwa upande mwingine na kurudi pale ulipoanzia.

Mashamba utakayopita ni ya mtama, uwele, mahindi, mbaazi na alizeti. Wenyeji watakuamkia, nawe usipite kama bubu. Lakini pamoja na kuamkiana, tazama chini. Utaona makorongo mapana ya mchanga mwekundu, mengine yenye kuta ndefu kuliko mtu, yaliyokata ardhi kama kisu kinavyokata mkate. Hayo ni makovu ya mmomonyoko wa udongo, ambao uliifanya Kondoa ijulikane ulimwenguni kwa sifa isiyotamanika.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256, ili nyasi na miti ipate kuota tena. Lilikuwa jambo zito. Fikiri, msomaji, nyumba iliyozoea maziwa, samadi na mahari ya ng'ombe, ikaamka siku moja zizi likiwa tupu. Mzee wetu alikuwa kijana wakati huo. Nilipomwuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, tulilia. Lakini huo msitu unaouona mbele yako haukuwapo." Baadaye, kuelekea mwaka 1990, wakulima walianza kuruhusiwa kufuga tena kwa kulisha ng'ombe zizini.

Huenda unajiuliza, je, zizi na korongo vinahusiana nini na picha za kale? Subiri tuingie msituni.

Njia ya kupandia imefunikwa na miombo. Utaiona mizinga ya nyuki imetundikwa matawini, na juu ya majabali utawaona pimbi wakikuchungulia. Kivuli ni kizuri, nasi tuliokuwa tunahema tulikishukuru. Mzee akatueleza kwamba kivuli hicho hakikuwekwa kwa ajili yetu. Miti inayosimama mbele ya pango huzuia jua kali lisiuchome mwamba, huzuia upepo wenye vumbi usiusugue, na hupunguza nguvu ya mvua inayopigwa na upepo. Ukikata miti kwa ajili ya mkaa, umeivua picha nguo. Basi hapo ndipo nilipoelewa kwamba shamba, msitu na pango si mambo matatu. Ni jambo moja.

Mapango yenyewe si mashimo marefu yenye giza. Ni majabali makubwa yaliyoinama mbele, mfano wa baraza la nyumba, na picha zimechorwa katika ukuta wa baraza hilo. Mwanzoni hutaona kitu ila madoa. Usikate tamaa. Simama, yazoeze macho, na polepole ukuta utaanza kusema. Huyu hapa tembo. Huyu twiga. Huyu pofu. Na hawa ni watu, wembamba na warefu kupita kiasi, vichwa vyao vikiwa na nywele au mapambo makubwa ya ajabu, wengine wamesimama, wengine kama wanaocheza ngoma. Rangi yao ni nyekundu, iliyotokana na mawe ya udongo mwekundu yaliyosagwa. Wataalamu wanaeleza kwamba picha hizi nyekundu ni kazi ya wawindaji na wachimba mizizi, watu wa jamii zinazohusiana na Wasandawe na Wahadza wa leo.

Juu ya picha nyekundu, mahali pengine, utaona nyingine nyeupe, nzito, zilizochorwa kwa kidole. Hizo ni za baadaye sana, nazo zinahusishwa na wakulima waliokuja kuishi katika nchi hii. Kwa hiyo ukuta mmoja umebeba mikono ya watu wa namna mbili, na mgeni hakufuta cha mwenyeji wake.

Katika picha moja yuko mtu katikati, anayedhaniwa kuwa ni mwanamke, na watu wa pande mbili wamemshika wakimvuta. Wengine husema anatekwa, na wengine husema ni ngoma au tambiko. Watoto wangu walibishana juu ya jambo hilo mpaka tuliporudi nyumbani, nami nikafurahi, kwa kuwa mtoto anayebishana juu ya picha hataisahau.

Umri wa makao ya watu katika vilima hivi unatisha. Katika pango la Kisese, ambalo nalo lipo katika nchi hiyo ya Kondoa, Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana humo ni shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2018 vimeonyesha kwamba shanga za kwanza zina zaidi ya miaka 40,000. Mama anayejivika shanga leo anafuata desturi iliyoanza kabla ya jembe, kabla ya chungu, na kabla ya ng'ombe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Binti yangu wa miaka minane, baada ya kumwona twiga, alinyosha mkono ili amguse. Hakuwa na ubaya wowote. Kabla sijatamka neno, mzee aliushika mkono wake taratibu, akauweka juu ya fimbo yake, akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nimezaliwa hapa, na huyo sijapata kumgusa."

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Mkono mmoja wa mtoto haufuti picha. Lakini mkono una jasho na mafuta, na wageni ni wengi. Mwingine humwagia mwamba maji ili rangi ing'ae apate kupiga picha nzuri, na maji yale, yakikauka, huacha ukungu wa chumvi usioondoka. Mwingine huandika jina lake na la mchumba wake. Na wako waliofanya makubwa zaidi: katika baadhi ya mapango ya Kondoa yamechimbwa mashimo na watu wanaotafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Dhahabu haipatikani, bali udongo wenye historia hutupwa nje kama takataka.

Mary Leakey alikaa Kondoa miezi kadhaa mwaka 1951, akizinakili picha hizi moja baada ya nyingine kwa mkono wake. Alipokuja kutoa kitabu mwaka 1983, aliziita katika jina la kitabu hicho sanaa ya Afrika inayotoweka. Alijua alichokisema.

Utasema, basi na ziwekwe ndani ya seng'enge. Lilijaribiwa hilo. Zamani baadhi ya mapango yalizungushiwa mbao na wavu wa chuma. Mbao zikaondoka na nyavu zikaondoka, zikaenda kufanya kazi nyingine majumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, na ni sheria njema, lakini sheria haiwezi kukaa mlimani usiku na mchana.

Yuko, hata hivyo, mlinzi mwingine, naye ndiye wa zamani zaidi. Pango kubwa la mlima huu wenyeji huliita Mungumi. Kwao si jumba la makumbusho. Ni mahali pa kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na wazee wanapaendea kwa heshima mpaka hivi leo. Shirika la UNESCO lilipoyaingiza mapango ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, halikutaja picha peke yake. Lilitaja pia kwamba mahali hapa pangali pakitumika kwa tambiko.

Sitakuficha kwamba hapa pana mvutano. Wataalamu wanalalamika kwamba pombe na mafuta yanayonyunyizwa mwambani wakati wa tambiko huacha madoa juu ya picha. Wazee nao wanalalamika kwamba wanazuiwa kuingia, au wanatakiwa waombe ruhusa, katika nyumba ya babu zao, wakati mgeni aliyelipa ada anakaribishwa. Nani mwenye haki? Nilimwuliza mzee wetu. Akacheka, akasema, "Wewe ukienda kwa mtu, unamwambia asile chakula nyumbani kwake? Lakini naye mwenye nyumba haungui paa lake." Halafu akanionyesha mahali, mbali na picha, ambapo kwa maoni yake tambiko lingeweza kufanyika bila ya kuudhuru ukuta.

Naona mzee yule amelisema kwa maneno machache jambo ambalo mikutano mingi haijalimaliza. Seng'enge haikuilinda Kolo. Kilichoilinda kwa karne nyingi ni watu walioona kwamba mlima huu una maana kwao. Ukiwafukuza hao kwa ajili ya kuilinda picha, umemfukuza mlinzi. Na ukimwacha kila mtu afanye apendavyo, hakutakuwa na cha kulinda. Njia iliyobaki ni mwenyeji na mtaalamu kuketi pamoja chini ya jabali lile, kila mmoja akimheshimu mwenzake, wakapatane wapi pa kumwaga pombe na wapi pa kutazama tu.

Nasi wageni tuna sehemu yetu. Ipo methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nunua asali yao na alizeti yao, usiwape bei ya kuwadharau. Usilicheke tambiko la mtu. Watoto wafunge mikono yao nyuma wanapokaribia ukuta, kama wanavyofanya shuleni, na baba na mama wafanye hivyo pia. Usimwagie maji, usiwashe moto, usiokote jiwe. Ukitaka kumbukumbu, wape watoto karatasi na penseli wachore walichokiona. Wangu walichora wakiwa wamekaa juu ya jabali, na ninakiri kwamba twiga wa mchoraji wa kale alikuwa bora kuliko wetu sote.

Tuliteremka kwa upande wa pili jua likiwa limeanza kulala. Tulipotokea mashambani, makorongo yale mekundu ya asubuhi yalikuwa mbele yetu tena. Lakini safari hii binti yangu alisimama ukingoni, akalitazama korongo, akageuka akautazama msitu tuliotoka. "Baba," akaniuliza, "miti ikiisha, na twiga naye ataisha?" Nilimjibu kwamba ndiyo, twiga yule ataisha. Hakuuliza tena. Alichukua tawi kavu lililokuwa njiani, akaanza kutembea nalo kama fimbo ya mzee, mbele yetu sote, mpaka tukafika kwenye gari.

Nenda Kolo, ndugu msomaji, na uende na watoto. Tuonane Jumapili ijayo.