KLABU YA AKINA MAMA SI KLABU YA CHAI

Wako watu wasemao kwamba klabu ya akina mama ni mahali pa kunywa chai na kufuma vitambaa, na kwamba mama akidai nyumba ya mikutano anataka makuu. Twawajibu kwa historia.

Zama za Mwingereza serikali ilianzisha klabu za wanawake. Humo mama alifundishwa kushona, kupika na kulea mtoto. Hayo ni mema. Lakini habari za kujitawala hazikuwa somo lake, maana klabu ilikuwa ya serikali, na mwenye nyumba ndiye apangaye mazungumzo.

Je, TANU ilipata wapi jeshi lake la akina mama? Katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam! Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Mwaka 1955, chama kilipomkabidhi kazi ya kuwaamsha wanawake, aliwaendea viongozi wa ngoma wenzake. Ilipofika Oktoba mwaka ule, walihesabiwa wanachama wanawake 5,000. Wengi walikuwa wauza vitumbua na wapika pombe. Klabu yao ilikuwa uani na barazani. Hapakuwa na bwana wa kuwanyamazisha.

Lakini ndugu, ua wa mtu si mali ya klabu. Mume akikasirika, au mwenye nyumba akihama, mkutano umevunjika. Na huko Buger, wilayani Karatu, katika nyanda za juu za Wairaqw, mvua ikinyesha mkutano wa chini ya mti umekwisha.

Dawa ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, yasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hati ya kimila yaweza kutolewa hata kwa kikundi. Basi akina mama wa Buger, na wa kila kijiji, wapeleke maombi kwa halmashauri ya kijiji, wapate kiwanja kwa jina la kikundi chao, ndipo wafyatue matofali. Nyumba bila hati ni ua wa mtu mwingine.

Nasi wanachama wanaume tujipime. Anayewapigia akina mama makofi siku ya sherehe, kisha akanyamaza siku ya kugawa viwanja, huyo amerithi kiti cha mkoloni.

Uhuru na Umoja!