Tusimkande Aliyevunjika

Lile beseni nililishika mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka 12. Mjomba alikuwa ameanguka na baiskeli, muundi umevimba hadi ngozi inang'aa, na mama mkubwa akawa anachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi, anakikamua, anakanda. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji yakipoa. Mjomba alikuwa ameuma upindo wa shuka. Sote tuliamini tunamsaidia, kwamba tunaitawanya damu iliyovilia ili mguu upone upesi.

Ndugu zangu, naandika kuomba ile damu tuiache ilipo.

Haikukaa pale bure. Mfupa ukivunjika, mishipa midogo hupasuka, damu ikajaa kati ya ncha mbili na kuganda. Ndani ya bonge hilo chembe sahani humwaga vichocheo vya ukuaji, na kimojawapo wataalamu hukiita kwa kifupi PDGF. Hivi ndivyo vinavyowaita mafundi, yaani seli zinazojenga mfupa, osteoblasti.

Namna wanavyoitwa ndiyo inayonishangaza kila ninapoisoma. Kichocheo hakiingii ndani ya seli. Hufika kwenye utando wake, kikashika kipokezi kilichochomoza nje, kama mgeni apigaye hodi bila kuvuka kizingiti. Upande wa ndani kimeng'enya huamka, kikakata mafuta fulani ya utando na kutoa molekuli ndogo iitwayo inositoli trifosfeti. Hiyo huenda hadi kwenye ghala ambamo seli imefungia kalsiamu, ikafungua milango. Kalsiamu humwagika. Ghala likipungua, milango ya utando wa nje nayo hufunguka, ikaingia nyingine.

Katika seli iliyotulia kalsiamu ni haba mno; nje yake imezidi kama mara 10,000. Ndiyo maana ikiingia kidogo tu seli nzima inajua, kama mtu anapokohoa msikitini watu wamesujudu. Mwaka 1985 Roger Tsien na wenzake walitoa rangi ya fura-2, ambayo mng'ao wake hubadilika inaposhikana na kalsiamu, na tangu hapo jambo hili linaonekana kwa hadubini: dondosha kichocheo juu ya seli, na baada ya muda mfupi moja inawaka, jirani yake inafuata, kisha zinafifia. Habari hiyo, pamoja na ishara nyingine, hufika kwenye kiini, na seli zikaanza kugawanyika, kusogea na kutandaza protini ambayo baadaye hushika madini ya mfupa mpya.

Sasa fikiria kiganja chenye nguvu kikilisugua bonge hilo asubuhi na jioni, na ncha za mfupa zikisagana chini yake.

Kalsiamu, basi, ina kazi mbili, na mitaani tunazichanganya. Ndani ya seli ni ujumbe. Kwenye mfupa ni tofali. Kumeza vidonge vingi hakuongezi ujumbe, kwa sababu seli hujilindia kiwango chake. Tofali linatoka chakulani: dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, pamoja na maharage, mayai au samaki kwa ajili ya protini. Supu ya makongoro ni tamu, sina ugomvi nayo, ila kalsiamu yake ni ndogo kuliko sifa zake. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga. Mgonjwa akiomba moja ya kutuliza mawazo, mnyimeni kwa upendo.

Kwa hiyo mtu akianguka na bodaboda mbele ya nyumba yako, mguu ufungwe kati ya mbao mbili, au hata maboksi yaliyokunjwa, kama ulivyokutwa, bila kuunyoosha. Penye kidonda weka kitambaa safi. Usikaze mno: vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, legeza hapo hapo. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Nanyi wazee wetu mnaounga mifupa, ambao watu huwaendea kwanza kwa kuwa mko karibu na mnasikiliza, nawaomba kwa heshima: mfupa uliotoboa ngozi usilale kwenu hata usiku mmoja.

Muundi wa mtu mzima huchukua miezi minne, pengine zaidi. Mjomba alikandwa wiki tatu kabla ya kufikishwa kwa daktari, na hadi leo akipanda ngazi hutanguliza mguu mmoja tu. Mkishafungiwa hogo, ulizeni tarehe ya kurudi kupigwa picha, iandikeni ukutani kwa mkaa ikibidi. Na jirani akija na beseni lake, mpokeeni, mkaribisheni aketi, maji yale mgonjwa akaogee.